Sanaa za kujihami zinavyomsaidia mtoto kukabiliana na uonevu

KILA jioni masomo yanapokwisha, watoto wa shule za katikati ya jiji la Nairobi hujitosa katika msongamano wa River Road na barabara zinazopakana nayo, zikiwemo Latema, Accra na Luthuli, wakitafuta matatu za kuwarudisha nyumbani Ngara, Pangani, Westlands au Kangemi. Wazazi wengi hudhani kwamba hatari kubwa katika safari hiyo ni magari na wezi wa mifukoni. Kwa baadhi ya watoto, hata hivyo, anayeogopwa zaidi amevaa sare kama yao. Ni mwanafunzi aliyewazidi umri au kimo, anayewanyang'anya nauli, kuwazaba makofi na kuwaonya wasithubutu kusema lolote nyumbani.

Mtoto anayeonewa kwa namna hiyo ni nadra kusema waziwazi. Husema tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi, nauli imeanguka njiani au daftari limepotea. Alama zake huanza kushuka na usingizi wake huwa wa mang'amung'amu. Mzazi anapokuja kuugundua ukweli, huenda miezi kadhaa imepita, na hasira yake humsukuma kwenye wazo la haraka: mtoto huyu apelekwe akajifunze karate ili naye ajue kupiga.

Wazo hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo haupo mahali ambapo wazazi wengi huutafuta. Sanaa za kujihami kama vile judo, karate na taekwondo zinaweza kumsaidia sana mtoto anayeonewa. Humsaidia kwa kumfundisha kusimama imara, kupaza sauti, kutulia anapotishwa na kujua wakati wa kuondoka. Ngumi na teke huja mwisho kabisa. Yakifundishwa vibaya, mafunzo hayohayo yanaweza kumgeuza mtoto aliyekuwa akionewa akawa mwonevu mwenyewe. Kwa hiyo mzazi anapaswa kuelewa yanavyofanya kazi kabla ya kutoa pesa zake.

Uonevu ni nini?

Si kila ugomvi wa watoto ni uonevu. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kulichunguza jambo hili katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, alitaja dalili tatu zinazoutambulisha. Kwanza, hufanywa kwa kusudi la kuumiza. Pili, hurudiwa mara kwa mara. Tatu, anayeonewa hana nguvu sawa na anayemwonea, iwe ni nguvu za mwili, umri, idadi ya marafiki au cheo shuleni. Watoto wawili waliolingana wakigombania mpira, hao wanagombana tu. Lakini watano wakimzingira mmoja kila siku wakati wa mapumziko, huo ni uonevu.

Katika jiji la Nairobi tatizo hili limewahi kupimwa. Mwaka wa 2007, Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 1,012 wa shule za upili za umma jijini. Waliosema wamepatwa na aina mbalimbali za uonevu walikuwa kati ya asilimia 63.2 na asilimia 81.8, kutegemea aina iliyoulizwa. Duniani kote, ripoti ya Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa (Unesco) ya mwaka 2019 ilieleza kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya kila watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia kuulizwa.

Shule za bweni zina sura yao ya tatizo hili. Kwa miaka mingi, mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa "mono", na chini ya jina hilo alilazimishwa kuwafulia wakubwa nguo, kuwatandikia vitanda na kuwagawia mkate na sukari aliyotoka nayo nyumbani. Wengi waliliona jambo hilo kuwa mila ya shule, na aliyeteswa leo alingoja zamu yake ya kutesa mwaka uliofuata. Mwaka wa 2017, madai ya uonevu katika Shule ya Upili ya Alliance, mojawapo ya shule zenye sifa kubwa nchini, yalizua mjadala mkali na kuifanya Wizara ya Elimu ichunguze. Wakenya wengi walitambua wakati huo kwamba sifa njema za shule hazimkingi mtoto.

Yale ya filamu na yale ya kweli

Kama kuna mtaa uliochangia kuijenga picha ya karate na kung fu katika mawazo ya Wakenya, basi ni huu wa River Road na viunga vyake. Miaka ya 1970 na 1980, filamu za kung fu kutoka Hong Kong zilijaza vijana katika kumbi za sinema za jiji. Bruce Lee, aliyefariki mwaka wa 1973 muda mfupi kabla ya filamu yake "Enter the Dragon" kuonyeshwa, alikuwa shujaa wa vijana wasiowahi kukanyaga Asia. Kumbi nyingi za aina hiyo zimefungwa au kugeuzwa kuwa makanisa na maduka. Ukumbi wa Odeon, kwa mfano, hivi leo watu wengi wanaujua kama jina la kituo cha matatu.

Filamu zenyewe hazikutoweka. Zilihamia kwenye kanda za video, kisha kwenye sidii na divii zilizouzwa kando ya barabara hiyohiyo, ambayo pia iliipa jina sekta ya filamu za bei nafuu ya Riverwood. Msimulizi DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili na Sheng, hata mtoto asiyejua Kiingereza akaweza kufuata kila pigo huku akicheka.

Burudani hiyo ina raha yake, lakini kama somo la kujihami inapotosha. Katika filamu, mtu mmoja huwaangusha kumi na nguo yake isichafuke. Katika uwanja wa shule, mtoto wa miaka 10 mwenye uzani wa kilo 30 hawezi kumshinda kwa ngumi mvulana wa miaka 15 mwenye kilo 55, hata kama amefanya mazoezi kwa miezi kadhaa. Uzani, urefu wa mikono na idadi ya watu ni mambo yenye uzito katika mapigano yoyote. Mwalimu anayemwahidi mzazi kwamba baada ya muhula mmoja mtoto ataweza kumpiga yeyote anauza ndoto, na ndoto hiyo inaweza kumponza mtoto.

Judo ilianza kwa mtoto aliyeonewa

Historia ya mojawapo ya michezo hii ina mafunzo kwa mzazi. Jigoro Kano alizaliwa nchini Japani mwaka wa 1860. Alipokuwa kijana mdogo alipelekwa katika shule ya bweni jijini Tokyo, ambako alifanya vizuri darasani lakini alikuwa na umbo dogo. Wanafunzi waliomzidi nguvu wakamfanya windo lao. Kano akaamua kutafuta walimu wa jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kudharauliwa nchini humo, na haikuwa rahisi kuwapata.

Alipokwisha kujifunza, Kano hakuishia kulipiza kisasi. Mwaka wa 1882 alianzisha shule yake, Kodokan, na kuuita mchezo wake judo, yaani njia ya upole. Aliondoa mazoezini mbinu za hatari ili wanafunzi waweze kushindana bila kulemazana, na akaweka misingi miwili: kuzitumia nguvu za mwili na akili kwa namna inayofaa zaidi, na kufaidiana mtu na mwenzake. Kano alikuwa mwalimu kwa taaluma, akaongoza chuo cha ualimu jijini Tokyo, na mwaka wa 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Judo iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1964.

Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka kisiwa cha Okinawa mwaka wa 1922, naye alikuwa mwalimu wa shule. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mazoezi huanza na kumalizika kwa heshima, na kwamba mwanakarate hatangulii kushambulia. Wote wawili waliiona sanaa hii kama sehemu ya malezi.

Fikra hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Katika pwani ya Waswahili, vijana walicheza kirumbizi, mchezo wa fimbo unaoendana na ngoma, na katika jamii nyingi za bara walishindana kwa mieleka. Michezo hiyo ilikuwa na watazamaji, kanuni na wazee wa kuamua. Aliyepandwa na hasira akapiga nje ya kanuni alijiaibisha mbele ya wote.

Kinachobadilika kwa mtoto

Badiliko la kwanza huwa katika namna ya kusimama. Mwonevu huchagua. Humtafuta mtoto anayetembea amejikunja, macho chini, ambaye akisukumwa mara moja hulia au hutoa alichoombwa. Katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, mtoto hufundishwa kusimama miguu ikiwa imepanuka kidogo, mgongo wima na macho mbele. Hufanya hivyo mara mamia mpaka mwili unazoea. Baada ya miezi michache, namna anavyotembea barabarani na kuingia darasani huwa imebadilika bila yeye mwenyewe kujua, na anayetafuta windo rahisi huenda akamwacha.

La pili ni sauti. Katika karate na taekwondo kuna ukelele unaotoka tumboni pamoja na pigo. Watoto wanyamavu huona haya siku za mwanzo na sauti zao hutoka kama mnong'ono. Mwalimu mzuri huendelea nao polepole mpaka sauti inajaza ukumbi. Sauti hiyohiyo ndiyo mtoto atakayoitumia atakapohitaji kusema, "Acha!" au "Nirudishie begi langu!" kwa namna itakayomfanya mwalimu wa zamu, mlinzi wa duka au makanga ageuke kutazama. Mwonevu hustawi pasipo na shahidi.

La tatu ni kupima umbali. Mtoto hujifunza kwamba mtu aliye mbali kuliko urefu wa mkono hawezi kumshika, na kwamba hatua moja ya kurudi nyuma au ya pembeni huharibu mpango wa anayetaka kumkamata. Hujifunza pia kutazama njia ya kutokea. Katika mtaa kama River Road, hilo lina maana ya kuingia dukani, kusimama karibu na watu wazima au kuvuka barabara mapema badala ya kujitia kwenye uchochoro.

La nne ni kuanguka. Wanajudo huanza kwa kujifunza kuanguka kabla ya kujifunza kumwangusha mtu. Hufundishwa kukunja kidevu ili kichwa kisigonge chini, na kuupiga mkeka kwa mkono ili kupunguza kishindo. Faida yake huonekana hata kwa mtoto aliyeteleza ngazini. Kwa anayeonewa kuna faida zaidi: akisukumwa, hofu ya kuanguka haimgandishi.

La tano, na huenda ndilo kubwa zaidi, ni kutulia. Mtu anapotishwa moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na akili husimama. Hiyo ni kazi ya mwili kujiandaa kwa hatari, na hakuna anayezaliwa akijua kuitawala. Katika mazoezi ya wawiliwawili, mtoto hukabiliwa na mwenzake chini ya macho ya mwalimu, hugongwa kidogo, hupumua na kuendelea. Akirudia hali hiyo mara nyingi, hujifunza kwamba hofu huja na kupita, na kwamba mtu anaweza kufikiri huku akiogopa. Mtoto wa namna hiyo hamlipukii kwa hasira anayemtukana, na mwonevu anayetaka kuona machozi au ghadhabu hukosa alichokitafuta.

Kuna pia urafiki. Uonevu humtenga mtoto mpaka akaamini kwamba hakuna anayempenda. Katika dojo hukutana na watoto wa shule nyingine ambao hawajui kwamba shuleni kwake hupewa majina ya kejeli. Hufanya mazoezi na mwenzake mkubwa mwenye mkanda wa juu, anayeweza kumwangusha wakati wowote lakini anamshika mkono asiumie. Kwa mtoto ambaye kila mwenye nguvu aliyemjua alimtesa, hilo ni somo jipya. Mikanda ya rangi nayo humpa hatua ndogondogo za kupanda. Kila mkanda anaoupata ni ushahidi kwamba amefanikiwa kwa juhudi zake.

Utafiti wasemaje?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na matokeo yao yanampa mzazi matumaini pamoja na onyo.

Mwaka wa 1986, mtafiti wa Marekani Michael Trulson alichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa umri wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu. Kundi moja lilifundishwa taekwondo kwa njia ya jadi, yenye heshima, tafakuri na maadili. Kundi la pili lilifundishwa mbinu za mapigano pekee, bila mafundisho hayo. Kundi la tatu lilishiriki michezo ya kawaida. Baada ya miezi sita, ukali ulipungua katika kundi la kwanza na wasiwasi ukapungua pia. Katika kundi la pili, ukali uliongezeka. Mateke yalikuwa yaleyale. Tofauti ilikuwa katika mafundisho yaliyoandamana nayo.

Mwaka wa 2008, Stuart Twemlow na wenzake walieleza matokeo ya mpango wa kupambana na uonevu katika shule tatu za msingi nchini Marekani, uliohusisha watoto 254. Mpango huo ulichanganya mbinu za kujihami na mafunzo ya kujizuia, heshima na kumsaidia anayeonewa. Wavulana waliohudhuria vipindi vingi zaidi walipungukiwa na ukali na wakawa wepesi zaidi wa kuwasaidia wenzao walioonewa. Kwa wasichana, watafiti hawakuona badiliko kama hilo.

Onyo lilitoka Norway. Mwaka wa 2005, Inger Endresen na Dan Olweus waliripoti kuhusu wavulana 477 wa umri wa miaka 11 hadi 13. Waliojiunga na ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya mapigano ya Asia walionekana kuongeza tabia za ukorofi nje ya michezo, na watafiti walihusisha jambo hilo na mazingira ya kusifu ubabe yaliyokuwemo katika makundi hayo.

Matokeo hayo yakisomwa pamoja, mtu anaona kwamba jina la mchezo halitoshi kumhakikishia mzazi lolote. Mwalimu na desturi za ukumbi ndivyo vinavyoamua mtoto atatoka na nini.

Mfano wa Nairobi

Jiji la Nairobi lenyewe limetoa mojawapo ya mifano inayojulikana zaidi ya mafunzo ya kujihami kwa vijana, ingawa mfano huo ulilenga dhuluma za kimapenzi dhidi ya wasichana na si uonevu wa kawaida shuleni. Ni mpango ulioendeshwa na wakufunzi wa Kenya katika mitaa ya mabanda, ikiwemo Korogocho, kwa ushirikiano wa mashirika ya Ujamaa-Africa na No Means No Worldwide.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 uliwahusisha wasichana 522 wa shule za upili. Wasichana 402 walipata saa 12 za mafunzo kwa muda wa wiki sita pamoja na vipindi vya kukumbushana, na wengine 120 walipata mafunzo ya kawaida ya stadi za maisha. Kwa waliofundishwa kujihami, idadi ya waliosema wamedhulumiwa katika mwaka mmoja ilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi asilimia 9.2.

Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa masomo yenyewe. Wasichana walianza kwa kufundishwa kwamba wana haki ya kukataa, kisha kuitambua hatari mapema, kutumia sauti na maneno makali, na kutafuta njia ya kutoroka. Kupiga sehemu dhaifu za mwili kuliwekwa kama ngao ya mwisho. Mpangilio huo unafaa pia kwa mtoto wa darasa la nne anayenyang'anywa chakula chake.

Jinsi ya kumpata mwalimu bora

Mafunzo haya yanapatikana katika sehemu nyingi za jiji, kuanzia kumbi za jamii za mitaani hadi vilabu vya michezo vya Parklands na Westlands. Ada hutofautiana sana, na ada kubwa si kipimo cha ubora. Mzazi anayetafuta anashauriwa kufanya yafuatayo.

Kwanza, aende atazame kipindi kizima kabla ya kulipa. Mwalimu anayewakataza wazazi kutazama aepukwe. Usalama wa mtoto unadai pia kwamba asiachwe peke yake na mtu mzima mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, na kwamba mzazi aulize mwalimu amesomea wapi na anatambuliwa na shirikisho gani la mchezo wake.

Pili, asikilize lugha inayotumika. Mwalimu akiwadhihaki watoto wanene au wanaolia, au akicheka mtoto anapoumia, ukumbi huo unafundisha uonevu kwa vitendo.

Tatu, atazame wanavyotendewa wanafunzi wadogo na wageni. Wenye mikanda ya juu wakiwasaidia, hiyo ni dalili njema. Wakiwatuma na kuwapigapiga, hapo pana "mono" wa aina nyingine.

Nne, aulize ni nini hufanyika mwanafunzi anapotumia alichojifunza kuwapiga wenzake shuleni. Katika kumbi zenye nidhamu, jibu huwa wazi: huitwa pamoja na mzazi, na anaweza kusimamishwa au kunyimwa mkanda.

Tano, amwulize mtoto mwenyewe. Mtoto anayeonewa shuleni na kisha kulazimishwa kwenda mahali pengine anakopaogopa ataona kwamba ameongezewa adhabu. Akijaribu majuma mawili na asipende, apewe nafasi ya kuchagua mchezo mwingine. Kuogelea, mpira au uimbaji navyo hujenga marafiki na kujiamini.

Mzazi ambaye mtoto wake ndiye mwonevu asidhani kwamba makala haya hayamhusu. Mtoto wa aina hiyo anaweza kufaidika na mwalimu mkali mwenye haki, anayemwonyesha kwamba nguvu zina mipaka. Lakini sharti mwalimu aambiwe ukweli mapema, ili ajue anamfundisha nani.

Mipaka ya mkanda

Hata mwalimu bora ana mambo asiyoweza kuyatibu. Mtoto mmoja hawezi kujilinda dhidi ya kundi, na dhidi ya kisu njia salama ni kukimbia au kutoa kinachotakiwa. Simu na nauli hununuliwa tena. Karate haina dawa kwa matusi na picha za kudhalilisha zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Hapo kinachohitajika ni kuhifadhi ushahidi, kumzuia anayetuma na kuwaarifu wazazi na shule.

Isitoshe, kumfundisha mtoto kujihami kusigeuke kuwa njia ya watu wazima kukwepa wajibu wao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kutendewa ukatili, uwe wa kimwili au wa kisaikolojia. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inatambua dhuluma zinazofanywa dhidi ya watoto kupitia simu na mitandao.

Kwa hiyo mzazi anapogundua kwamba mtoto wake anaonewa, jambo la kwanza ni kumsikiliza bila kumlaumu. Swali la "Kwa nini hukumrudishia?" humfunga mdomo mtoto ambaye tayari anaona haya. Aandike tarehe, mahali na majina, kisha aende shuleni amwone mwalimu wa darasa, na ikibidi mwalimu mkuu na bodi ya shule, huku akiuliza ni hatua gani zitachukuliwa na lini. Shule ikinyamaza, anaweza kufika katika afisi ya watoto au ya elimu ya kaunti ndogo. Kuna pia nambari ya simu 116 ya kuwasaidia watoto, inayopigwa bila malipo mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mafunzo ya kujihami yaanze sambamba na hatua hizo, na mzazi awe na subira. Katika majuma ya kwanza mtoto atarudi nyumbani akilalamikia maumivu ya mapaja na kuonyesha namna ya kuinama kwa heshima, na mzazi anayengoja mateke ya filamu anaweza kuona amepoteza pesa. Atazame mambo mengine badala yake: iwapo mtoto analala vizuri, iwapo amemtaja rafiki mpya, iwapo anajibu kwa sauti inayosikika, na iwapo Jumatatu asubuhi tumbo bado linamuuma.